Rangi ya Wahalifu Kwenye Gari: Kabla ya Kusugua, Fahamu Unachosugua

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Mwenye gari anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri katika Kata ya Elerai, Jijini Arusha, na kukuta boneti na milango ya gari lake imepuliziwa rangi ya kopo usiku, hujawa na mawazo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kumjua aliyefanya kitendo hicho. La pili ni kuiondoa rangi ile kabla jua halijachomoza na majirani hawajaanza kupita. Wazo la pili ndilo humponza. Mkono hukimbilia chupa ya petroli, kipande cha msasa au sifongo ya chuma ya kusugulia sufuria, na katika muda wa dakika 10 mwenye gari hujisababishia hasara ambayo hata mhalifu hakuweza kuifanya.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa jiji ambalo gari ni ofisi. Daladala, ambazo wenyeji wa Arusha wamezizoea kwa jina la vifodi, teksi, magari ya mizigo na magari ya kupeleka watalii hifadhini, yote hulisha familia, na siku moja ya kulala gereji ni siku moja isiyo na hesabu ya jioni. Wapo pia wengi wanaolaza magari yao nje kwa sababu njia ya kuingilia nyumbani ni finyu au uzio haujakamilika. Kwao, gari lililochafuliwa kwa rangi lina swali la fedha, swali la sheria na swali la kemia. Makala haya yanaanza na la mwisho, kwa kuwa ndilo lisilosubiri.

Gari lililotoka kiwandani halina rangi moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake tabaka la kushikia rangi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo ndilo hutoa mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Matabaka yote hayo kwa pamoja yana unene wa kati ya maikroni 100 na 150, yaani takribani unene wa karatasi moja ya kuandikia. Lile tabaka angavu la juu peke yake huwa na maikroni 35 hadi 50 hivi, chini ya nusu ya karatasi hiyo. Rangi ya mhalifu imekaa juu ya tabaka hilo. Kazi yote ya kusafisha ni kuondoa kilichokaa juu ya nusu karatasi bila kuitoboa nusu karatasi yenyewe.

Habari njema ni kwamba rangi ya kiwandani ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Huokwa katika tanuri kwa joto kali hadi chembe zake zikashikana kama nyuzi za kitambaa kilichofumwa, hivyo vimiminika vya wastani kama tapentaini huweza kupita juu yake kwa muda mfupi bila kuiyeyusha. Rangi ya kopo iliyopuliziwa usiku hukauka haraka kwa kuguswa, mara nyingi ndani ya dakika chache, lakini huchukua saa nyingi, na nyakati nyingine siku kadhaa, kukomaa kabisa. Baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru huchelewesha ukomavu huo. Jua la Januari huuharakisha. Pengo hilo kati ya kukauka na kukomaa ndilo nafasi ya mwenye gari.

Habari mbaya ni kwamba magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yamekwisha kupakwa rangi upya angalau mara moja, sehemu au lote. Rangi ya gereji inaweza kuwa nzuri na ngumu iwapo fundi alitumia ile inayochanganywa na kigumishi. Lakini ipo rangi ya selulosi, inayopendwa kwa unafuu na kwa kukauka upesi, ambayo haikomai kwa namna hiyo. Hata ikikaa miaka 10, tone la tina, yaani kiyeyusho wanachotumia mafundi rangi, huirudisha kuwa uji. Mwenye gari la aina hiyo akifuta rangi ya mhalifu kwa tina, ataifuta pamoja na rangi yake mwenyewe na kubaki akitazama bati.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia tukio kama hilo katika gereji moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Herufi tatu za rangi nyekundu zilikuwa zimeandikwa kwenye mlango wa gari jeupe. Kijana aliyepewa kazi alimimina tina kwenye kitambaa na kusugua kwa bidii, na herufi zikatoka. Zilipotoka, mlango ulikuwa na herufi tatu zilezile, safari hii za rangi ya kijivu ya tabaka la chini. Mteja aliyekuja kuondoa maandishi aliondoka na maandishi ya kudumu, pamoja na makadirio ya kupaka mlango mzima.

Kwa hiyo, kabla ya yote, pima. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta au mlango, utafute mahali palipopakwa rangi pasipoonekana, na upake kiyeyusho kidogo unachotaka kutumia kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki cheupe na mahali pale pasipopoteza mng'ao, unaweza kuendelea kwa uangalifu. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, acha vimiminika vyote na umtafute fundi mwenye uzoefu. Lakini kipimo hiki kina upungufu wake: mlango ungali unaweza kuwa na rangi ya kiwandani na boneti ikawa ya gereji. Anayefahamu historia ya gari lake ana faida hapa, na aliyelinunua mkononi mwa mtu apime kila sehemu iliyoathirika, kwa mfano ukingo wa ndani wa boneti yenyewe.

Kuosha kwanza, kufuta baadaye

Vumbi la Arusha lina tabia yake. Udongo wa maeneo yanayozunguka Meru ni wa asili ya volkano, na ndani yake mna chembe ngumu zinazoweza kukwaruza rangi ya gari. Ndiyo maana hata mchezo wa watoto wa kuandika "nioshe" kwa kidole kwenye gari lenye vumbi huacha mistari midogo inayoonekana gari likishaoshwa. Mtu anayeanza kusugua rangi ya mhalifu juu ya gari kavu lenye vumbi anatumia msasa pasipo kujua. Gari lisogezwe kivulini, bati lake lipoe, kisha limwagiwe maji mengi, lioshwe kwa shampuu ya magari na sponji laini, na lisuuzwe. Sabuni ya unga ya kufulia si mbadala mzuri, kwani ni kali na huondoa nta inayolinda rangi. Maji nayo yafutwe kwa kitambaa laini badala ya kuachwa yakauke yenyewe, kwa kuwa maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe.

Iwapo kilichomwagwa ni rangi ya maji, ile ya kupakia kuta, na bado haijapita siku, kuosha huku kunaweza kumaliza kazi yote. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini huilainisha, na kucha ya kidole au kipande cha plastiki laini huibandua. Rangi ya mafuta ni jambo jingine. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na ikishakomaa hairudi kuwa kimiminika kwa tapentaini. Ikiwa bado mbichi, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa tapentaini au mafuta ya taa kidogo hutosha. Kitambaa kigusishwe na kuinuliwa, kigeuzwe upande safi kila mara, na sehemu ndogo ikishasafishwa ioshwe mara moja kwa maji na shampuu kabla ya kwenda sehemu nyingine. Kuzungusha kitambaa kimoja kichafu juu ya boneti nzima ni kuhamisha rangi kutoka mahali palipochafuliwa hadi mahali palipokuwa safi.

Rangi ya kopo ndiyo husumbua zaidi. Ukungu mwembamba wa rangi hiyo, kama ule unaorukia gari lililoegeshwa karibu na watu wanaopulizia geti, huondoka vizuri kwa udongo maalumu wa kusafishia magari, teknolojia iliyotoka Japani na sasa hupatikana katika maduka ya vipodozi vya magari. Ni kipande kinachofinyangika kama donge la chapati. Bati hulowanishwa kwa maji yenye shampuu, kipande hicho huteleza juu yake bila kukandamizwa, na chembe za rangi hunasa humo. Kikianguka chini kitupwe, kwa sababu kitakuwa kimebeba mchanga. Pale rangi ilipokaa nene, tapentaini ijaribiwe kwanza. Ikishindwa, ifuate kampaundi ya kusugulia iliyo laini kabisa, kwa mkono na kwa fulana kuukuu ya pamba, kiasi cha kiganja kwa wakati mmoja. Kampaundi hufanya kazi kwa kuchonga. Kila mzunguko wa mkono huondoa rangi ya mhalifu pamoja na sehemu ndogo sana ya tabaka angavu, na ndiyo sababu mashine ya kupolishi iliyo mikononi mwa asiyeijua, hasa kwenye kona na kingo ambako rangi huwa nyembamba zaidi, huunguza hadi tabaka la chini kwa sekunde chache.

Asetoni, ambayo wengi huifahamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, pamoja na tina, viachwe mikononi mwa fundi. Fundi mzuri hutumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo, hupitisha mara moja na kuosha papo hapo. Tofauti kati yake na mwenye gari aliyekasirika ni muda ambao kimiminika kinakaa juu ya bati.

Petroli isitumike kabisa. Hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali kuliko yoyote iliyowahi kuonekana Arusha, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini ya gari na kuelekea kwenye jiko la mkaa la jirani au pikipiki inayowashwa pembeni. Tina nayo hushika moto kwa urahisi. Hata kwa tapentaini na mafuta ya taa, kazi ifanyike mahali pa wazi, mbali na moto na watoto, kwa glovu, na vitambaa vilivyotumika visirundikwe kwenye kona ya stoo. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga simu namba 114 bila malipo.

Si kila sehemu ya nje ya gari ni bati. Kioo ndicho kinachosamehe zaidi: kikiloweshwa maji ya sabuni, wembe mpya uliolazwa huibandua rangi bila kukikwaruza. Taa za mbele za magari ya kisasa ni za plastiki, na asetoni au tina huzifanya zipasuke nyufa ndogondogo na kufifia daima, basi zisafishwe kwa shampuu na polishi ya plastiki peke yake. Bampa na pembezoni nyeusi zisizopakwa rangi zina vinyweleo vinavyonyonya, na mara nyingine kubadilisha au kuzipaka ndilo suluhisho pekee. Kwa magari ya utalii yenye nembo za stika, kiyeyusho chochote huingia chini ya kingo na kuzibandua. Kibao cha namba kisisuguliwe kwa nguvu, kwa kuwa uwezo wake wa kuakisi mwanga ukipotea usiku hakisomeki. Kibao kisichosomeka kinapaswa kubadilishwa kwa utaratibu unaotambuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na si kuchorwa upya mtaani.

Picha kabla ya kitambaa

Hapa ndipo penye mvutano. Kemia inasema harakisha. Sheria inasema usiguse ushahidi. Kwa maoni ya mwandishi, saa chache zinatosha kutimiza yote mawili, na anayesubiri wiki nzima ili "waje waone" hupoteza nafasi ya kuisafisha rangi ingali changa. Piga picha za gari zima, kisha za karibu, zikionyesha kibao cha namba, mahali lilipolazwa na maandishi yenyewe iwapo yapo. Kopo lililotupwa jirani lisiokotwe kwa mkono mtupu, maana alama za vidole vya mhusika huenda zimo. Toa taarifa kituo cha Polisi na upate namba ya RB, na umjulishe Mwenyekiti wa Mtaa. Baada ya hapo, omba Polisi wakuruhusu kusafisha.

Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi wananchi na mawakili wamekifahamu kwa namba 326, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo wa kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeathirika, na hapo ndipo risiti za gereji, picha na makadirio ya fundi huwa na thamani. Anayemkamata mtuhumiwa amfikishe Polisi. Kumpiga ni kosa jipya linalomgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Na ikibainika kuwa mhusika ni mtoto chini ya miaka 18, shauri lake huendeshwa kwa kuzingatia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Nchi hutofautiana katika uzito zinaoupa kosa hili. Mwaka 1994 dunia ilifuatilia kesi ya Michael Fay, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Singapore, ambaye alikiri mahakamani mashtaka yaliyohusu kuharibu magari kwa rangi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 4, faini ya dola 3,500 za nchi hiyo na viboko 6, vilivyopunguzwa hadi 4 baada ya Rais Bill Clinton wa Marekani kumwombea. Mjadala wa wakati huo ulihusu zaidi viboko kuliko magari, na wenye magari hawakusikika sana.

Upande wa bima, wengi hugundua ukweli wakiwa wamechelewa. Bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo mitaani huitwa bima ndogo, huwalinda watu wengine wanaodhurika kwa matumizi ya gari. Haimlipi mwenye gari kwa rangi iliyomwagwa juu ya boneti yake. Anayeweza kudai ni mwenye bima kubwa, na hata yeye asome masharti ya hati yake, hususan kiwango cha hasara anachopaswa kubeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kwa hasara ndogo kiwango hicho humeza dai lote. Kampuni ijulishwe siku hiyohiyo, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, na iulizwe iwapo gari lisafishwe au lisubiri mkadiriaji wa hasara. Mteja asiyeridhika na jibu anaweza kuwasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Yapo magari ambayo hayatasafishika, na kupaka upya kutakuwa hakuna budi. Katika hali hiyo, rangi ilingane na ile iliyoandikwa katika kadi ya usajili. Mwenye gari anayeona ni fursa ya kubadili rangi kutoka nyeupe kwenda nyeusi anapaswa kuijulisha TRA ili kumbukumbu zirekebishwe, la sivyo gari lenye kadi ya rangi moja na bodi ya rangi nyingine litamletea maswali barabarani na siku ya kuliuza. Mmiliki wa daladala akumbuke pia ufito wa rangi unaotambulisha njia, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Ukifutika pamoja na uchafu, urudishwe vilevile kabla gari halijarudi kazini.

Maji na vitambaa vya kazi hii visiishie mtoni. Mito ya Burka, Themi na Naura hupita katikati ya makazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuathiri kingo za mito ndani ya mita 60. Kuoshea gari lenye tapentaini kando ya mto ni miongoni mwa shughuli hizo. Tapentaini iliyobaki iachwe itulie katika chupa iliyofungwa hadi rangi ishuke chini, kisha ile safi ya juu itumike tena.

Gari lililosafishwa kwa kampaundi lipakwe nta siku hiyohiyo, kwa kuwa tabaka lake la juu limepungua na nta ndiyo kinga iliyobaki. Rangi nyingine ikimwagwa juu yake itashika kwa shida zaidi. Lakini gari lililopakwa rangi upya lisipakwe nta hadi fundi aliyeipaka athibitishe kuwa imekomaa, jambo ambalo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja au zaidi. Katika kipindi hicho lioshwe kwa maji na shampuu laini, na usiku lilazwe penye mwanga.